Nilimtengenezea Tanzia Baba Mkubwa Akiwa Hai

Sitaki mnionee huruma. Kosa ni langu mwenyewe, nimelifanya kwa mikono yangu na nikalimalizia kwa mdomo wangu. Naandika haya nimefunga mlango kwa komeo, mchana kweupe, kwa sababu siku hizi hata mtu akibisha hodi moyo unanienda mbio.

Mimi ni binti wa Ngombezi, kule Korogwe kwenye mashamba ya mkonge. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, akafariki nikiwa bado shule ya msingi. Kaka yake, Baba Mkubwa, anaishi Kwamsisi, Handeni, ni mkulima. Ndiye aliyenilea na kunisomesha mpaka nikafika chuo kikuu Dar es Salaam. Watu wakimuuliza nasomea nini, alikuwa anajibu, "Anasomea kuchora kwa kompyuta," halafu anacheka kwa fahari, maana na yeye alikuwa haelewi vizuri. Nasoma grafiki: mabango, nembo, majalada ya vitabu, mambo hayo.

Mke wake wa kwanza alitangulia mbele ya haki. Akaoa tena, mwanamke wa Kisambaa ambaye wazazi wake walishuka milimani wakahamia Kwamndolwa, hapo hapo Korogwe. Kwa heshima nilimwita Mama Mkubwa, ingawa hakunizidi sana umri, na kila nikimpa shikamoo tulikuwa tunacheka wote wawili. Tulipendana mimi na yule mama. Ndiyo maana nikimkumbuka nakosa pa kujificha.

Sasa sikilizeni.

Mwaka wa pili lekchara wetu alitupa kazi ya kutengeneza tanzia. Alisema matangazo ya misiba yetu yanasikitisha, mishumaa, njiwa, maua na mawingu vyote vimerundikwa pamoja, marehemu mwenyewe haonekani. Akataka tanzia yenye heshima. "Na sitaki majina ya kubuni wala sura za Wazungu wa mtandaoni," akasema. "Tumia mtu wa kwenu aliyefariki. Mpe heshima yake."

Nikamfikiria baba. Lakini baba aliacha picha moja tu, ndogo, ya kitambulisho cha kazi, nayo imefifia. Kila nilipoikuza uso wake ulikuwa unavunjikavunjika. Nilipigana na ile picha mpaka wenzangu wakamaliza kazi zao mimi bado.

Ndipo nikakumbuka picha ya Idd. Mama Mkubwa alimpiga picha Baba Mkubwa uani kwa simu yake, amekaa kwenye kiti, kanzu nyeupe, kofia imekaa vizuri, jua la asubuhi linampiga shavuni. Niliipenda nikamwomba, akanirushia hapo hapo simu kwa simu, bila hata bando. Na Baba Mkubwa amefanana na marehemu baba kupita kiasi.

Nikajiambia naijaribu tu, kisha nitaitoa. Nilipoiweka, jamani, bango likakaa! Nikaandika Innalillahi juu kabisa, nikaweka jina la Baba Mkubwa mwenyewe, maana sura ni yake, pamoja na la baba yake na la babu yake, nikaandika mazishi ni leo alasiri nyumbani kwake Kwamsisi. Nikasogea nyuma kuiangalia kazi yangu, nikatabasamu. Mtu mzima na akili zangu, nilitabasamu!

Kwetu jambo hilo lina jina lake: uchuro. Ukimtangazia kifo mtu aliye hai, hata kwa mzaha, umemwitia mauti. Nikiwa mdogo nilicheza msiba na wenzangu nje ya nyumba, mama akatoka akanifinya mdomo mpaka nikalia. Kwa hiyo nilijua. Ila nilikuwa nimeshajiona msomi, nikasema hayo mambo ya kizamani.

Na hapo bado. Nikataka sifa! Nilikuwa na ukurasa mtandaoni wa kuonyesha kazi zangu, kwa jina la kisanii ambalo nyumbani hakuna anayelijua. Asubuhi ya kuwasilisha kazi nikaipandisha huko. Sikuandika hata kwamba ni kazi ya darasani, niliona maneno hayo yangeharibu mpangilio. Nikazima simu nikaingia darasani.

Nilipotoka na kuwasha simu, ikaanza kutetemeka mkononi bila kupumzika. Nikampigia mama. Akapokea analia.

"Mwanangu, Baba Mkubwa wako ametutoka! Tangazo limeletwa kwenye kundi la ukoo, shangazi yako ndiye kanionyesha. Tuko njiani, wanazika leo leo alasiri."

Mtu fulani wa Handeni alikuwa ameiona kazi yangu, akaichukua akamtumia mwenzake, na mwenzake akamtumia mwingine. Sisi Waislamu tunazika haraka, kwa hiyo hakuna aliyekaa kuuliza. Simu ya Baba Mkubwa ilikuwa haipatikani, na Kwamsisi mtandao ni wa kutafuta, mtu akiwa shambani ndiyo kabisa. Kutopatikana kwake wakakuona ndio ushahidi wenyewe.

Nilitakiwa kusema pale pale. "Mama, ni mimi, ni kazi ya shule, rudini." Hivyo tu! Nikafungua mdomo, na kilichotoka ni, "Innalillahi." Nikakata simu, nikakimbilia chooni, nikafuta ukurasa wote.

Yaliyotokea Kwamsisi alinisimulia mama.

Watu walifika kwa bodaboda, kwa baiskeli, wengine kwa miguu. Mama Mkubwa alikuwa uani anachambua mboga, akaona wanawake wanaingia wanalia, kanga wamezifunga viunoni. Wakamuuliza maiti iko wapi. Akaanguka pale pale, akidhani mumewe amekufia shambani na wenzake wamejua kabla yake. Vijana wakabeba majembe wakaenda makaburini kuchimba. Shangazi, dada yake Baba Mkubwa, alikuja na sanda kutoka Korogwe.

Kisha Baba Mkubwa akatokea, anasukuma baiskeli, ana mzigo wa mihogo nyuma. Akaona umati uani kwake. Akaegesha baiskeli taratibu, akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anavyofika msibani, "Nani katutoka?"

Wengine walitimua mbio. Shangazi alikuwa bado ameishika ile sanda, na Baba Mkubwa akaiona.

Kaburi lilikuwa limeshachimbwa, na kaburi kwetu haliachwi wazi hivi hivi. Wakakata mgomba, wakauzika badala yake. Mama anasema Baba Mkubwa alisimama mbali akaangalia mpaka wakamaliza kufukia, halafu akaingia ndani na hakula.

Nikaitwa nyumbani. Msidhani nilishukiwa, la! Niliitwa kama mtaalamu. Ukoo ulikuwa umekaa Kwamsisi, shangazi akanipa simu mbele ya watu wote.

"Wewe ndiye unayesomea haya mambo," akasema. "Hebu tuangalizie. Hiki kitu kinatengenezwa na mtu wa namna gani?"

Nikaishika ile simu nikaangalia kazi yangu mwenyewe, kivuli nilichokiweka mimi, herufi nilizozipanga mimi, nikajifanya ndiyo kwanza naiona. Baba Mkubwa alikuwa ananiangalia kwa matumaini kabisa.

"Si lazima awe mtaalamu," nikasema. "Siku hizi hata kwa simu ya kawaida mtu anaweza."

Nilidhani nikisema hivyo watakaoshukiwa watakuwa wengi, na mimi nitapotelea humo humo. Sikujua kwamba naelekeza watu kwenye mlango wa mtu.

Ukoo ukaamua isomwe Halbadiri. Kwa msioijua, hicho ni kisomo cha kumshtakia Mungu mtu aliyekudhulumu wakati humjui. Watu wanaamini itampata tu, atavimba, ataugua au atapata wazimu mpaka aseme. Huku kwetu ukitangaza tu kwamba utasoma Halbadiri, kuku aliyeibwa anarudi bandani kabla jua halijazama.

Mwalimu aliyeletwa kusoma alikuwa mzee, na hakuonekana kuifurahia kazi ile. Kabla ya kuanza akatutazama mmoja mmoja.

"Jamani, hii si ya kuchezea," akasema. "Haina ndugu, haina mtoto. Kama aliyefanya yumo humu, aseme sasa. Tutasameheana, tutakula wali, kila mtu aende kwake."

Akatusubiri. Nikakaza macho kwenye ukili wa mkeka, nikajiambia akisema tena mara moja tu nitainua mkono. Hakusema tena. Akaagiza ubani uwekwe kwenye makaa.

Nilikaa upande wa wanawake, bega kwa bega na Mama Mkubwa. Wakasoma. Wakaomba aliyefanya haya asipate usingizi, watu wakaitikia amin. Ningenyamaza wangeniona, basi nami nikaitikia. Asipate utulivu, amin. Alipo asikae, amin. Nilikuwa najiapiza mwenyewe kwa mdomo wangu! Mama Mkubwa aliitikia kwa sauti kuliko wote, machozi yanamtiririka, kwa sababu aliyetakiwa kifo ni mume wake.

Haikuchukua muda, Mama Mkubwa akashikwa na homa. Anatetemeka, anatapika, mara anaongea peke yake. Mvua zilikuwa zimetoka kunyesha na mbu wamejaa, na hakuna mtu Handeni asiyeijua malaria. Lakini baada ya Halbadiri nani ataitaja malaria? Shangazi alipiga makofi. "Imemkamata! Si mnaona wenyewe?"

Wakachukua simu ya Mama Mkubwa wakaipekua. Picha wakaikuta, kanzu ile ile, kiti kile kile.

Akaletwa mbele ya ukoo amejitanda kanga, midomo imekauka, hata kukaa vizuri hawezi. Shangazi akamwuliza maswali kwa ukali. Yeye akajibu polepole.

"Picha niliipiga mimi, sikatai. Niliipiga siku ya Idd. Nikampa huyu mtoto, nilimrushia tukiwa tumekaa hapa hapa. Muulizeni."

Wote wakanigeukia.

"Mwanangu," Baba Mkubwa akaniuliza, "alikupa?"

Picha iliyorushwa simu kwa simu haiachi ujumbe. Kwenye simu yangu nilikuwa nimeshaifuta. Lilibaki neno lake na neno langu. Mimi damu yao, mtoto wa chuo. Yeye Msambaa wa kuja, mwanamke kijana aliyeolewa na mzee, na tayari walishamuogopa.

"Hapana, Baba Mkubwa," nikasema. "Sijawahi kuiona."

Jamani! Sijawahi kuiona!

Mama Mkubwa hakupiga kelele wala hakuapa. Alinitazama, akaomba maji ya kunywa.

Baba Mkubwa hakutaka kumwacha, nililiona hilo kwa macho yangu. Lakini shangazi na wazee walimbana, na yeye mwenyewe hofu ilishamwingia tangu siku ya sanda. Akatoa talaka moja. Mama Mkubwa akapakiwa kwenye bodaboda na homa yake, nguo zake kwenye mfuko wa salfeti, arudi kwao Kwamndolwa. Kamba ya ule mfuko niliifunga mimi, niliambiwa nisaidie nikasaidia. Na aibu yangu kubwa ni hii: pikipiki ilipopotea kwenye kona, nilishusha pumzi nikasema moyoni, afadhali.

Ile afadhali haikufika hata Dar es Salaam. Nikiwa bado ndani ya basi mdomo ukaanza kuniwasha, nikajua tayari, imeanza. Kikatoka kidonda kidogo tu, ila mimi nilikiangalia kwenye kioo kila saa kuona kama kinakua. Kikapona. Kope ikawa inacheza, nikasema sasa ni macho. Kichwa kikauma, nikasema huu ndio wazimu wenyewe. Nilienda hospitali mpaka daktari akaniuliza kama nina tatizo nyumbani. Usingizi ukapotea kabisa, na usingizi ndicho kitu cha kwanza tulichoomba.

Chuoni nako sikuwa na pa kukimbilia. Lekchara aliipenda ile tanzia kuliko kazi zote, akaichapisha kubwa akaibandika ukutani kwenye korido ili wenzangu waige. Kila siku Baba Mkubwa ananitazama na kanzu yake ya Idd, juu yake Innalillahi. Nilimwomba lekchara aiondoe. Akaniuliza kwa nini, nikageuka nikaondoka. Nikawa nazunguka jengo zima ili nisipite pale.

Nikikaa kwenye kompyuta, uso wowote nitakaouweka, hata wa mtoto kwenye tangazo la maziwa, naona kama nimeuwekea tarehe ya mazishi.

Siku moja mama akanipigia. "Mama Mkubwa wako kapona, ila kakonda. Eda inakaribia kwisha. Baba Mkubwa yuko peke yake, hata kupika hapiki, anatafuna mihogo tu. Nafikiri anamtaka mkewe, lakini anamwogopa."

Nilijua maana ya maneno hayo. Eda ikiwa haijaisha, Baba Mkubwa angeweza kumrejea mkewe kwa kauli tu, bila ndoa mpya. Ilitakiwa nipande basi kesho yake. Nikasema nina mtihani. Na kweli nilikuwa na mtihani, lakini si huo ulionizuia. Niliogopa!

Nilipokwenda, nilishukia Mkata, nikachukua bodaboda mpaka Kwamsisi. Nikamkuta Baba Mkubwa uani anatia mpini jembe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaanza kunitafutia kigoda. Sikusubiri. Nikapiga magoti nikasema yote, tanzia, ukurasa, picha, amin, uongo. Nilisema huku nalia, sijui hata kama maneno yalieleweka.

Hakunipiga. Natamani angenipiga.

"Na ile siku nilipokuuliza mbele ya watu?" akasema.

"Nilidanganya, Baba Mkubwa."

Akaliweka jembe chini. Akaingia ndani, akakaa humo mpaka nikaogopa, akatoka amevaa kanzu. "Twende," akasema. Tukashika njia mpaka Kwamndolwa, yeye mbele, mimi nyuma.

Mama yake Mama Mkubwa ndiye aliyetupokea mlangoni. Alimwangalia Baba Mkubwa akamwambia kwa upole, "Eda imekwisha Ijumaa iliyopita, mzee." Kisha akatutandikia mkeka barazani, ule mpya, wa wageni.

Mama Mkubwa akaja akakaa mbali kidogo. Nikarudia kusema yote. Baba Mkubwa naye akamwomba msamaha, akasema ataleta mahari upya, ataoa upya, na Kwamsisi nzima itaitwa ishuhudie kwamba mkewe hana kosa. Nilimwona mzee wa watu anavyofuta macho kwa mkono wa kanzu.

Mama Mkubwa alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nakushukuru," akasema. "Lakini mume wangu, chakula changu ulikuwa unakimwaga nyuma ya nyumba. Ulidhani sikuoni. Naumwa homa, najikokota nakupikia, nikirudi kulala nakuona dirishani unamwaga. Sasa nitapikaje tena kwenye jiko lile?"

Baba Mkubwa hakurudia kuomba.

Nikamwendea kwa magoti. Akanishika bega. "Wewe nimekusamehe," akasema. "Nilikusamehe siku ile ile, maana niliona unavyotetemeka."

Alijua! Wakati mimi nasema sijawahi kuiona, alijua mpaka na hofu yangu. Na hata hapo, mbele ya mwanamke niliyemvunjia nyumba, mimi nikajifikiria mimi. Nikamwuliza, "Mama Mkubwa, na ile Halbadiri? Utaniombea iniondokee?"

Aliutoa mkono wake begani kwangu.

"Mwanangu," akasema, "mimi siku ile niliitikia amin kwa moyo wangu wote. Sikujua kama ni juu yako. Ningejua, ningenyamaza."

Tuliondoka jioni ile. Baba Mkubwa alirudi Kwamsisi, anaishi peke yake mpaka leo, ananisalimia kwa kupitia mama tu. Shangazi hataki kunisikia, na sasa anatembea akisema yeye hakuwahi kumshuku yule mwanamke. Yule mwalimu mzee alinisomea dua, akaniambia nimekiri na kutubu, basi nikalale. Nalala kidogo. Nikishtuka usingizini sijui kama ni Halbadiri inayonitafuta au ni mimi mwenyewe, na sina wa kumuuliza.

Ninyi mnaosomea kazi hii kama mimi, msichezee uso wa mtu aliye hai, hata kama mpangilio unakubali, hata kama lekchara atasifu. Lakini hilo ni dogo. Kubwa ni kunyamaza. Tanzia ile ingefutwa kwa simu moja, watu wangenigombeza, wangecheka, yangeisha. Kama kuna mtu sasa hivi anabebeshwa lawama yako, tafadhali, usikae. Nenda ukaseme, angali anakusubiri.